Homa Isiyo na Joto

"Tulia, usitikise kichwa!"

Mume wangu alikuwa amenielekezea usoni kile kipimajoto chenye umbo la bastola anachopimia mafriji ya watu. Ni fundi friji, mtaa mzima wanamwita Baridi.

"Thelathini na sita nukta nne. Huna homa wewe."

"Nani kakwambia nina homa? Nimesema homa ya ini! Ni kirusi, kiko kwenye damu."

"Homa ni homa."

Jamani! Mimba ya miezi saba, cherehani imejaa nguo za wateja, na huyu ndiye niliyepewa niishi naye.

Nikamweleza upya, polepole, kama nesi alivyonieleza asubuhi ile kliniki. Kirusi kinaweza kumpata mtoto wakati wa kujifungua, na akikipata angali mchanga hivyo, ini lake linaweza kuja kuharibika. Nianze vidonge sasa. Mtoto achomwe chanjo mapema, isizidi saa ishirini na nne tangu azaliwe.

"Na wewe umeitwa ukapime."

"Nikapime nini? Mgonjwa wewe. Kwanza inapatikana vipi?"

"Kwa damu. Wengine wanazaliwa nayo. Na kwa kukutana kimwili."

"Ahaa!" Akaweka kipimajoto mezani. "Sasa niambie umekutana na nani."

Nililia, sikatai. Nililia kwa hasira. Mwanangu yuko hatarini, baba yake anatafuta mwanamume wa kumsingizia mama yake.

Kesho yake nikakuta kikombe changu kimefungwa utepe mweusi, ule wa nyaya za umeme, kisichanganyike na vyake. Mchana ukaingia ujumbe: "Usinipikie. Nitakula kazini."

Nikajibu: "Kirusi hakiambukizwi kwa sahani wala kikombe. Ujinga ndio sijui."

Siku ya tatu jioni akampigia dada yake ili anishitaki. Akaweka sauti kubwa, nisikie aibu yangu.

"Dada, wifi yako ana homa ya ini. Nataka aseme kaitoa wapi."

"Homa ya ini? Kama ile yako?"

"Yangu ipi?"

"We Baridi! Mwaka juzi nilipofanyiwa upasuaji, si ulikuja kunichangia damu? Wakakupigia simu uko jikoni kwangu. Wakasema damu yako haifai, una homa ya ini, uende hospitali."



"Ile si ilipona?" sauti ya Baridi ikawa ndogo.

"Ilipona lini?"

"Nilijipima joto siku tatu, sina homa. Nikameza vidonge vya maumivu, nikajua imeisha."

Mwaka juzi! Ndoa yetu ina mwaka mmoja. Nikatafuta cha kumrushia, nikaona mkasi tu, na mkasi ni wa kazi.

"Ulijua, ukanioa bila kuniambia?"

"Wallahi nilidhani ni homa, mke wangu. Nisamehe. Nimekukosea sana."

"Kikombe."

"Kikombe gani?"

"Kabandue ule utepe. Kesho saa mbili asubuhi, kliniki. Na hilo dude lako la kupimia joto liache nyumbani."

Akabandua kwa kucha, mabaki ya gundi yakamshinda. Akamimina chai humohumo, akanywa mbele yangu huku machozi yakimtoka. Sikumbembeleza.

Kliniki wakamkuta nayo. Nesi akasema hakuna wa kujua nani alimpa nani, huenda kila mmoja alikuwa nayo tangu utotoni, na tuache kesi.

"Hapa tuna mtoto wa kumlinda. Nani atamkumbusha mama vidonge?"

"Mimi," akasema Baridi.

Alikumbusha mpaka kero. Kila siku saa moja jioni, hata akiwa kichwa ndani ya friji la mtu, anapiga simu ya video: "Umemeza? Nionyeshe ulimi."

Nilijifungua asubuhi, salama. Mtoto hata hajamaliza kulia, baba mtu kasimama mlangoni na saa mkononi.

"Nesi, dakika kumi zimepita. Sindano iko wapi?"

"Baba, mwache avute pumzi!"

Haikufika saa nzima akachomwa. Baridi akaegemea ukuta, akalia kuliko mtoto. Kisha akatuma ujumbe kwenye kundi la familia:

"Mtoto kachomwa! Mama yake mzima. Nampenda mno."

Wifi akajibu papo hapo:

"Hongereni. Sasa baba, ni wa kike au wa kiume?"

Baridi akanitazama, macho yamemtoka.

"Mke wangu... hivi ni nani?"