Nguzo Zote Nzima

Kila siku baada ya masomo, Chiriku alipitia nyumbani, akavua sare, akala kilichobaki jikoni akiwa amesimama, kisha akakimbilia ukumbi wa mji. Jina hilo alipewa na majirani, maana mdomo wake haukujua likizo.

Ukumbini walikuwa wakifanya mazoezi ya mchezo wa kuigiza kuhusu mgodi ulioporomoka zamani, mama yake Chiriku akiwa bado tumboni. Babu yake alifukiwa humo pamoja na wanaume wengi wa mji. Kila mwaka wajane hukusanyika kuwakumbuka, na mwaka huu watoto wa shule ndio waliopewa kazi ya kuigiza.

Chiriku aliigiza mkaguzi wa nguzo. Kazi ya mtu huyo ilikuwa kutangulia mgodini na kugonga kwa nyundo kila nguzo iliyoshikilia paa, akisikiliza. Nguzo iliyokaza hulia kwa ukali. Iliyolegea hutoa sauti nzito, kama gunia. Lakini siku ile, kama alivyosimulia mchimbaji mmoja aliyenusurika, mkaguzi hakugonga. Alisimama mlangoni akasema, "Nguzo zote nzima. Ingieni." Yeye mwenyewe akaingia nao, na hakutoka.

Mjomba wake Chiriku, fundi seremala, ndiye aliyejenga mgodi wa jukwaani kwa nguzo za kweli zilizokazwa kwa kabari za mbao.

"Mkirukaruka, kabari zitalegea," alimwambia. "Kila siku kabla hamjaanza, pita na nyundo hii, uzigonge nguzo moja moja."

"Mjomba, si mchezo tu?"

"Mchezo ni maneno. Mbao ni mbao."

Mwanzoni aligonga kweli. Kisha akachoka, kwa kuwa kila siku alizikuta zimekaza. Siku moja alikuwa akipakwa masizi usoni huku akipiga soga, mwalimu alipouliza, "Nguzo vipi?"

"Nguzo zote nzima. Ingieni!" alijibu kwa sauti nzito ya jukwaani. Wenzake wakaangua kicheko. Nyundo ilikuwa bado mkobani.

Katikati ya mazoezi boriti ilichomoka, ikamwangukia rafiki yake, Kidoti. Mkono ulivunjika juu ya kiwiko. Kidoti hakulia mara moja. Aliutazama mkono kama si wake, kisha akapiga ukelele ambao Chiriku hakuweza kuusahau.

Jioni ile kamati ya ukumbi ilikata kauli haraka: fundi alifanya kazi ya kulipua, asiguse tena chochote pale. Mjomba aliziokota kabari, akazigeuzageuza, akamtazama Chiriku, kisha akazitia mfukoni.

Nyumbani, Bibi alikuwa akilia. "Mwanangu alipoteza baba kwa uzembe wa mtu. Leo yeye ndiye anaitwa mzembe?"

Chiriku alisukuma sahani kando. Mama alimshika paji la uso, akidhani ana homa. Alikuwa anaona aibu, na hofu ilikuwa kubwa kuliko aibu. Kukaa kimya kulikuwa rahisi, ila kila alipomsikia Mjomba akikohoa chumba cha pili, moyo ulimuuma.

Kesho yake alipiga moyo konde, akaingia kwenye kikao cha kamati.

"Mjomba hana kosa," alisema. "Mimi sikugonga nguzo. Nilisema nimegonga."

Baba yake Kidoti aliinuka. "Mwanangu nusura afe, na wewe ulikuwa unafanya mzaha?"

"Ndiyo, baba. Naomba unisamehe. Na nafasi yangu apewe mtu mwingine."

Mzee yule aliketi tena. "Hapana," alisema. "Sijakusamehe bado. Lakini uigize wewe. Sasa unajua unachokisema."

Kamati ilimwomba fundi radhi. Tangu siku hiyo Chiriku alifika kabla ya wote, akagonga kila nguzo, Mjomba akisimama nyuma yake.

Siku ya kumbukumbu ukumbi ulijaa. Bibi aliketi mbele na wajane wenzake, na kando yake Kidoti, mkono ukiwa kwenye plasta. Mwenye kovu usidhani kapoa: hata kabla pazia halijafunguliwa, wajane kadhaa walikuwa wakifuta machozi.

Ikafika zamu ya Chiriku. Alisimama kwenye mlango wa mgodi, wachimbaji wakimsubiri. Akafumbua mdomo. Maneno hayakutoka. Ukumbi mzima ulingoja.

"Sema," Kidoti alimnong'oneza kutoka mstari wa mbele.

"Nguzo zote nzima," Chiriku alisema, kwa sauti ndogo. "Ingieni."

Bibi alifunika uso kwa mikono yake.

Baada ya watu kutawanyika, Chiriku alimkuta Mjomba akizifungua nguzo.

"Mjomba, ulijua kuwa sikugonga?"

"Nilijua. Ningesema mimi, ungebaki mwongo uliyekamatwa. Nilitaka useme mwenyewe." Aliiweka nyundo chini. "Yule mkaguzi hakuwa mtu mbaya, mwanangu. Alikuwa rafiki wa baba yangu. Siku zote alizikuta nzima, akaona hakuna haja ya kugonga. Anayekuuliza kama kazi imefanyika ameweka uhai wake kwenye jibu lako. Kama hujaifanya, sema hujaifanya."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Kidoti alikuwa akiwasubiri mlangoni, mkoba umemshinda kwa mkono mmoja. Chiriku aliuchukua, akaubeba hadi kwao Kidoti, na njiani hakusema mengi.