Udongo Niliokula Nyuma ya Matete

Nyie vijana mtakaosoma haya, msinionee huruma. Someni tu.

Nina miaka sabini na mitano, nakaa Mugango. Kusoma nilifundishwa kwenye kisomo cha watu wazima, basi mnivumilie.

Tulipohamishiwa kijiji cha ujamaa nilikuwa na mimba ya kwanza. Mimba ile ilitaka udongo. Kwetu mjamzito kula udongo hakuna anayeshangaa. Nikapata mzuri ziwani, kwenye kighuba nyuma ya matete, laini, unanukia mvua. Nilikuwaga naufinyanga vidonge, naukausha juu ya moshi wa jiko, natembea nao kwenye pindo la kanga hata shamba la pamba la kijiji.

Mume wangu Magesa alinitania. "Mama, utamaliza ziwa. Samaki watalala wapi?"

Nikacheka na mimi...

Nyangeta alizaliwa na sura nzuri. Lakini shingo haikukaza. Mikono ilitetemeka. Mama mkwe akaniuliza mbele ya watu, tumbo langu limezaa nini? Magesa alitazama chini.

Miaka mitatu mtoto hakukaa kitako. Akafa wakati wa kuvuna pamba. Tukazika, kesho yake nikarudi kuvuna. Sikulia. Machozi niliyatafuta, sikuyaona.

Ikaja mimba ya pili. Nikarudi kwenye udongo wangu.

Siku hizo wataalamu wa maji kutoka mjini walikuwa wamechota tope la kighuba kwenye chupa. Wakarudi na majibu. Mmoja akanikuta nachimba, Magesa yuko kando na nyavu.

"Mama, tema hiyo. Tope hili lina zebaki, ile ya kushikia dhahabu. Inazama inakaa humu, haiondoki na maji. Nani anaoshea dhahabu hapa?"

Nikamtazama Magesa. Magesa akatazama matete.

Nyumbani nikavuta uvunguni mwa kitanda karai alilokuwa akienda nalo ziwani. Magesa akasema mwenyewe, dhahabu alikuwa akiioshea pale. Dhahabu ilikuwa ya magendo, na matete yale yalimficha.

"Uliniona nakula," nikamwambia.

"Nilikuona. Ningekukataza ungeuliza kwa nini. Ningefungwa, mama."

Kwa hiyo ule utani ulikuwa badala ya kunikataza, ili nisiulize... Miaka yote ile!

Kama ni udongo uliomuua Nyangeta, mtaalamu hakuapa. Alisema tu mtoto wa tumboni hula anachokula mama yake. Yule wa pili alizaliwa mzima, ndiye ninayekaa kwake. Magesa sikumfukuza. Nilimpikia mpaka alipokufa, lakini kumtania sikumtania tena.

Binti, usile kitu cha ardhini kabla hujajua nani alimwaga nini juu yake. Na wewe kijana unayeosha dhahabu, ukimwona mkeo anachota hapo, sema. Jela watu hutoka. Nyangeta atatoka lini kaburini?

Siku ile ile nilipovuta karai, niliwaita wote uani, na mama mkwe pia. Nikasema, "Tope la pale haliingii nyumba hii. Hata la kukandika ukuta, hata la kusugulia sufuria. Na wewe Magesa, kuanzia kesho nenda ukasimame pale. Kila mwanamke atakayekuja na jembe, mwambie kwa mdomo wako ulichomwaga."