Pini ya Gurudumu la Kushoto

Jumamosi ile yadi ya magari chakavu ya Ciudad Juárez ilikuwa imefurika watu. Huyu anang'oa mlango, yule kakumbatia taa kama mtoto, wengine wanagombania bei ya injini iliyokwisha kufa, na harufu ya burrito, chapati za kukunjwa na nyama, za Shangazi Chayo inapita katikati yao wote. Efrén Olivas alikuwa akitafuta kioo cha pembeni alipoona gauni la maua ya njano limepiga magoti mbele ya gari bovu. Chini ya gauni, buti za kiume. Mkononi, spana isiyo saizi yake.

"Unatafuta nini, dada?"

"Beringi za mbele."

"Beringi hazichukuliwi makaburini. Hizo zimekufa na mwenyewe."

"Kumbe wewe ndiye mlinzi wa makaburi?"

"Mimi fundi."

"Kila mwanamume humu ni fundi. Gari langu linanguruma kama limemeza simba, na kila mmoja kanipa ugonjwa wake."

"Ukikata kona kwenda kulia, mngurumo unazidi?"

Akashusha spana. "Unazidi."

"Basi ni gurudumu la kushoto. Lakini tutabadilisha yote mawili."

Hapo ndipo yule dada alipomtazama vizuri, macho meusi, vumbi la kutu shavuni. "Tutabadilisha? Wewe na nani?"

Jina lake lilikuwa Yuridia. Alikuwa mwalimu mpya, amepangiwa shule mjini Chihuahua, na gari lenyewe lilikuwa Malibu ya rangi ya krimu aliyoachiwa na baba yake. Alitaka liwe zima kabla shule hazijafunguliwa. Efrén alilichukua hadi uani kwake, akalizunguka, akasema beringi zitakuwa za mwisho. Kwanza mipira ya maji. Kisha breki. Kisha pampu ya maji. Kila jioni Yuridia aliketi juu ya ndoo iliyofunikwa, akimpa spana na kumsimulia habari za wanafunzi ambao hajawahi kuwaona. Usiku alipiga simu.

"Mgonjwa anaendeleaje?"

"Anakuulizia."

"Nani, gari au fundi?"

"Wote wawili hawajala vizuri leo."

Akicheka, Efrén alijilaza kitandani na simu sikioni, akijua jambo ambalo Yuridia hakulijua: siku beringi zitakapofungwa, mwalimu ataondoka. Ndiyo maana zilikuwa za mwisho. Na pampu ya maji ilikuwa nzima.

Siku ikafika ambayo hapakuwa na kitu kingine cha kusingizia. Asubuhi mapema Efrén alipandisha Malibu juu ya jeki, akang'oa beringi kuukuu. Ile ya kushoto ilikuwa imegeuka rangi ya bluu kwa joto, na alipoizungusha kidoleni ilikwaruza kama meno. Akazikandamiza mpya kwenye grisi kiganjani hadi ikajaa kila upenyo. Alimaliza upande wa kulia, akahamia kushoto. Akakaza nati huku akilizungusha gurudumu, akailegeza, akairudisha kwa vidole tu, kwa sababu beringi za namna hiyo zikikazwa sana huungua. Kinachoizuia nati isifunguke ni pini ndogo ya chuma inayopita kwenye tundu la ekseli na kukunjwa miguu. Pini hiyo alikuwa ameibana midomoni.

Buti zikasikika kwenye kokoto.

"Nimetoka kunywa kahawa kwa shangazi yako Chayo," alisema Yuridia. Alivaa sketi nyeusi na blauzi nyeupe iliyopigwa pasi, nguo za safari. "Gari lake halichemshi tena."

Efrén akaitoa pini mdomoni. "Nimemtengenezea."

"Kwa pampu yangu. Kaniambia mwenyewe, kwa furaha kabisa. Ile iliyokufa."

"Ilikuwa inavuja kidogo, nikaifanyia ukarabati."

"Niangalie."

Hakumwangalia. "Ilikuwa inavuja, Yuri."

"Wiki mbili za kungoja pampu hiyo, wenzangu walikuwa wanachagua madarasa. Mimi nimekaa juu ya ndoo nakupa spana, najiona nina bahati." Sauti yake haikupanda, hilo ndilo lililomtisha. "Funga tairi."

"Nisikilize."

"Funga tairi, Efrén."

Mikono yake ikafanya kazi bila yeye. Ikapachika kifuniko cha grisi, ikapandisha tairi, ikakaza nati zake, ikashusha jeki. Kila gari alilowahi kulifungua gurudumu, Efrén alilipanda mzunguko wa kwanza, wa kulijaribu. Baba yake alikuwa hivyo, naye akawa hivyo. Yuridia alikuwa ameshaketi kwenye usukani; Efrén akaushika mlango wa abiria. Umefungwa kwa ndani.

"Ngoja tulijaribu, mzunguko wa kwanza. Mpaka pale kwenye kona tu."

"Umelijaribu vya kutosha," Yuridia alisema, akaondoka.

Efrén akabaki uani na mikono imejaa grisi. Akatia vidole kwenye mfuko wa shati kutafuta kitambaa, kitu kikamchoma. Akakitoa. Ilikuwa pini, imenyooka, miguu yake haijakunjwa.

Akapiga simu. Ikakatwa. Akapiga tena. Ikakatwa kabla haijaita. Akaandika: *Simama, gurudumu la kushoto halina pini.* Ujumbe haukufika; Yuridia alikuwa ameifungia namba yake. Akakimbia hadi kibanda cha burrito.

"Shangazi, funguo za gari. Na simu yako."

"Umemfanya nini binti wa watu?" Shangazi Chayo aliuliza, lakini alipouona uso wake akavitoa vyote viwili.

Barabara ya kusini ikatoka nje ya mji na kunyooka ndani ya jangwa. Efrén alikanyaga mafuta, simu ya shangazi juu ya dashibodi, ikimwita Yuridia kwa sauti ya nje. Kila mara gurudumu la kushoto likizunguka kwenda mbele, linaisukuma nati upande wa kufunguka. Nati ikitoka, tairi linatoka pamoja na kitovu chake kizima. Na upande ule mwingine yanakuja malori ya mizigo.

"Shangazi Chayo?" Sauti ya Yuridia ilikuwa imelowa machozi.

"Ni mimi. Usikate, Yuri. Usikate."

"Hata shangazi yako umemtia kwenye mchezo huu?"

"Simama pembeni. Sikuweka pini. Ninayo hapa."

"Mipira. Breki. Pampu. Leo pini."

"Usukani unatetemeka?"

Upepo tu. "Kidogo tu. Barabara mbovu."

"Barabara hiyo ni laini, mpenzi."

"Usiniite hivyo. Kila nikitaka kuondoka, gari linaumwa. Kwa nini nikuamini leo?"

Alitafuta neno la kumshawishi, akakuta yote ameshayatumia. Lilibaki moja tu, nalo lilikuwa la kujimaliza mwenyewe.

"Pampu ilikuwa nzima," Efrén alisema. "Haikuvuja hata tone. Nilikudanganya mwezi uliopita, na leo nikakudanganya tena nikiwa nimeishika pini hii, kwa kuona haya. Usinisamehe. Usinipigie tena maisha yako yote. Lakini hili ni kweli. Ondoa mguu kwenye mafuta. Breki usizikanyage kwa nguvu, liache lipungue lenyewe."

Efrén alisikia lori likipita upande wa Yuridia, kisha kokoto chini ya matairi, kisha mlio mkali wa chuma. Simu ikakatika.

Alipiga, haikupokelewa. Akazidi kukanyaga mafuta. Vilima vya mchanga vya Samalayuca vikatokea, vyeupe kwa jua, na chini yake, pembeni ya barabara, gari la rangi ya krimu. Limeinama kidogo upande wa kushoto. Yuridia alikuwa ameketi mchangani, sketi nyeusi imejaa vumbi, simu mapajani.

Efrén akapandisha jeki. Tairi likacheza mikononi mwake kama jino bovu. Alipofungua kifuniko, nati ilikuwa imeshika uzi wa mwisho tu. Yuridia aliiona. Akaweka mkono mdomoni.

Akasafisha, akatazama beringi, akazungusha, akakaza, akalegeza, akarudisha kwa vidole. Kisha akamnyooshea pini.

"Weka wewe. Ili uwe na hakika."

Yuridia akaipitisha kwenye tundu, akaikunja miguu kwa koleo, mmoja huku, mmoja kule. Hakukubali kusaidiwa.

Tairi lilipokwisha kufungwa, Efrén akasimama kando. Alikuwa amelikwepa neno hili tangu siku ya kwanza. "Gari liko tayari, Yuri. Nenda."

Yuridia akaingia, akawasha. Malibu ikanguruma polepole, haikuondoka. Kisha akajinyoosha na kufungua mlango wa abiria kwa ndani.

"Mzunguko wa kwanza bado."

"Mpaka wapi?"

"Villa Ahumada, mji wa mbele. Utaninunulia quesadilla, chapati yao ya jibini, na utaniambia uongo mwingine wowote uliobaki. Ukimaliza, utarudi kwa basi uchukue gari la shangazi yako."

"Nimwambie kwanza, asiwe na wasiwasi."

"Mwambie."

Efrén akaitazama simu mkononi mwake. "Nitampigiaje? Simu ni hii yake."

Yuridia akauma mdomo asicheke, akashindwa kidogo. Efrén akapanda. Malibu ikaingia barabarani, ikakolea mwendo, na wote wawili wakainamisha vichwa upande mmoja, wakilisikiliza gurudumu la kushoto. Halikusema kitu.