Figa la Bibi Luciana

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Verediana alipowasha moto wa kwanza katika nyumba mpya ya Lipangalala. Alikuwa hoi, lakini kimoyomoyo alijisifu. Watu wengine wakihama, chumvi huonekana baada ya wiki na sufuria hulala na viatu. Yeye si mtu wa hivyo, asante. Kila kiroba alikifunga kwa kitambaa chake: chekundu vitu vya jikoni, kijani matandiko, cha njano vitu vya Teddy, binti yake mdogo. Teddy alipouliza vitambaa ni vya nini, alimjibu, "Ili kila mtu ajue mzigo wake."

Hata mafiga aliyabeba, yote matatu. Lipangalala ni udongo mtupu. Jiwe la kuinjikia sufuria utalitafuta mpaka uchoke. Aliyang'oa asubuhi kule Kiberege walikohama, yakiwa bado na masizi, akayatia kwenye kiroba cha kitambaa chekundu. Mumewe, Wendelin, alikuwa amerudi huko na kirikuu cha kukodi kufuata mzigo wa mwisho.

Moto ulishika. Maji ya ugali yakaanza kuvuma.

Halafu akasikia harufu ya ugoro.

Katika nyumba ile hakuna aliyenusa ugoro. Aliyekuwa akinusa ni mama mkwe wake, Bibi Luciana, naye walimzika nyuma ya nyumba ya Kiberege kabla ya masika. Miezi yake ya mwisho alishinda jikoni, amejikunyata kando ya mafiga na Teddy mapajani, akilalamikia baridi hata mchana wa jua kali.

Chraaa...

Chumbani, kitambaa kilichanwa.

"Teddy?"

Ikaja sauti ya mtoto, ya kunong'ona, ikimjibu mtu. "Na kikombe changu je?"

Simu ikaita. Verediana nusura aitupe. Alikuwa Wendelin.

"Mama Teddy, mafiga yako wapi?"

"Ninayo huku."

"Yote?"

"Sasa ningemwachia nani?"

Wendelin alimpa simu shangazi yake, Bernadetha, aliyekuja kufagia nyumba iliyohamwa.

"Shikamoo, shangazi."

Shangazi hakuitikia. "Verediana, sisi tukihama tunaacha figa moja. Hilo ni la aliyelala pale, apate pa kuota moto. Mjomba Amedeus alipohama si ulikuwepo? Si uliona?"

Aliona. Tena asubuhi ile alikumbuka, jiwe la tatu likiwa mkononi. Lakini mafiga mawili hayakai sufuria, na kitu kilichopungua humkera tangu utotoni. Akalitia kirobani pamoja na wenzake, akafunga.

"Huku jiko limepoa," shangazi alisema taratibu. "Yeye baridi haiwezi, unamjua. Ataufuata moto. Na akikuta umemchukulia chake, naye hatarudi mikono mitupu... Mtoto yuko wapi?"

Verediana alishakimbilia chumbani.

Kiroba cha kitambaa cha njano kilikuwa wazi, kitupu. Kando ya mlango wa nyuma kilisimama kiroba kingine, kimefungwa kwa kitambaa cheusi.

Hakuwa na kitambaa cheusi.

Alikifungua. Gauni la Teddy la kanisani. Kandambili. Kikombe. Vyote vimepangwa vizuri kuliko alivyopanga yeye, nguo zimeviringishwa ndogondogo, vile Bibi Luciana alivyokuwa akiviringisha.

Teddy alikuwa ameketi kizingitini, amevaa sweta, anatazama nje. "Tumeshamaliza kufunga," alisema. "Bibi anasema jua likizama tu, tunaenda nyumbani."

Verediana alimkwapua, akamfunga mgongoni kwa khanga. Akamwagia moto maji yote ya ugali, akalitoa figa moja kwa kulisukuma na jembe, akalitia kirobani likiwa bado linafuka. Aliogopa, jamani. Kirikuu kilipofika kutoka Kiberege na kusimama mlangoni, alimwahi Wendelin kabla hajashuka.

"Lirudishe. Sasa hivi."

Wendelin aliutazama uso wa mkewe, akakipokea kiroba. Dereva akageuza gari, mzigo wa mwisho ukiwa bado juu.

Verediana alisubiri barazani kwa jirani yake, Scolastica, ambaye hata hawajazoeana. Alikaa, akasimama, akakaa. Kila jani la mgomba lililopigwa na upepo alidhani ni kitambaa kinachanwa. Scolastica alimletea uji, akaunywa bila kujua kama una sukari.

Hatimaye simu ikaita.

"Nimeliweka mahali pake," Wendelin alisema kwa sauti ya chini. "Shangazi amewasha moto. Na humu ndani... ugoro unanukia sana, Mama Teddy."

Verediana alilia kwa nafuu, hakujali nani anamwona. Amerudi kwao. Yamekwisha.

Alimbeba Teddy hadi nyumbani, akamkalisha kwenye kigoda amnawishe miguu kabla ya kulala. Harufu ilikuwa imetoweka kabisa. Akakunja suruali ya mtoto.

Kwenye kifundo cha mguu palikuwa na kitambaa cheusi, kimefungwa fundo mara mbili, kama afungavyo yeye viroba vyake.

Akaanza kulifungua fundo. Teddy akauvuta mguu.

"Usifungue, mama. Bibi atanijuaje?"