Njugu Mawe Walizomwagiwa Kuku

Waisiko wa Kisaka alikuwa na vibuyu vitatu vya mbegu za njugu mawe. Kimoja kilikuwa na nyeupe, kingine nyekundu, cha tatu nyeusi. Zile nyeusi alizirithi kwa mama yake, marehemu Rhobi. Kitongojini hakuna mwingine aliyebaki nazo, maana wachuuzi wanataka nyeupe tu.

Jesca, afisa ugani wa kata, aliomba kilo moja ya kila aina akawapelekee watafiti. Alisisitiza zisichanganywe.

Siku ya kuzichukua, Waisiko alirudi kutoka kisimani akakuta vibuyu vitupu. Mumewe, Marwa, alikuwa amemimina nyeupe na nyekundu kwenye gunia moja. Nyeusi kawamwagia kuku. Eti zinachafua gunia.

Waisiko alitua ndoo. Hasira zilimpanda. Aliwafukuza kuku, akapiga magoti, akaokota punje moja moja vumbini. Alipata kikombe kimoja tu.

"Njugu ni njugu," Marwa alisema. "Unalilia chakula cha kuku?"

"Ni mbegu ya mama yangu. Amekufa. Nitamwomba nani nyingine?"

Jesca aliwakuta wamenuniana. Alipoelezwa, naye alikasirika, ila alijizuia. "Baba Brayan," alimuuliza Marwa, "ng'ombe wako wote wanatoa maziwa sawa?"

Marwa karibu amcheke. Alimtajia yupi anatoa mengi, yupi ana maziwa mazito, na yupi anakula bure tu.

"Na ukitaka ndama mzuri, unachukua dume lolote?"

"Hapana. Nachagua."

"Basi njugu ni hivyo hivyo. Aina moja inaweza kuwa na protini nyingi, ya kujenga mwili. Nyingine ina madini ya chuma, ya kuongeza damu. Nyingine inazaa sana. Watafiti wanazipima, kisha wanazalisha mbegu mpya yenye sifa hizo pamoja. Ukizichanganya, hatujui kipimo ni cha ipi. Ukizitupa, hakuna cha kupima."

Marwa alikuna kichwa. Waisiko ndiyo kwanza akachemka. Kumbe mtu huyu alijua siku zote! Alijua kwa ng'ombe, kwa kuwa ni wake.

Kikombe kimoja hakikutosha kupimwa. Jesca alishauri nyeusi zipandwe zote kwenye tuta la peke yake, zivunwe na kuanikwa peke yake, na chombo kiandikwe jina. Gunia lililochanganywa Marwa alilichambua mwenyewe siku mbili. Waisiko hakumsaidia hata punje moja.

Msimu uliofuata kilo zilipatikana, zikapelekwa. Majibu yalionyesha kuwa nyeusi za Waisiko zina madini mengi ya chuma kuliko zile aina zake nyingine. Jesca alionya kwamba rangi peke yake si kipimo. Nyeusi za shamba lingine huenda zisiwe hivyo, lazima zipimwe. Watafiti sasa walitaka kuzizalisha pamoja na nyeupe inayozaa sana. Nyumbani nako zikaanza kulowekwa, kuchemshwa na kuliwa kwa mchicha.

Jesca alitoa fomu, akauliza mbegu iandikwe kwa jina la nani.

"Marwa," alisema Marwa. "Mwenye mji ni mimi."

Waisiko aliweka mkono juu ya karatasi. "Wewe uliwamwagia kuku," alisema. "Andika Rhobi."

Jesca akaandika Rhobi.