Gorfa Isiyoguswa na Moshi

Saa mbili asubuhi, soko la maziwa ya ngamia mjini Isiolo halina nafasi ya mtu asiye na shughuli. Madebe ya manjano yalikuwa yamejaa hadi barabarani, akina mama wakionja, wakitema na kugombana. Katikati ya vurugu hiyo, mahali hasa pickup zinaporudi nyuma kushusha mzigo, alichuchumaa msichana mwenye dera la zambarau na hijabu nyeusi. Alikuwa amepakata gorfa, chombo kinachosukwa kwa nyuzi za mizizi na kufukizwa moshi ili maziwa yasiharibike, na alikuwa akiikwangua ndani kwa kijisu.

Honi ililia nyuma yake. Hakuinuka. Ikalia tena, kisha mlango wa pickup ukafunguliwa kwa nguvu.

"Wewe! Unafanyia gorfa ya watu nini hiyo?"

"Salaam aleikum kwanza," msichana akasema bila kugeuka.

"Waleikum salaam. Weka chini."

"Mwenyewe amenipa ruhusa."

"Mwenyewe ni dadangu! Tache, umempa huyu gorfa akwangue?"

Tache, mwanamke wa miaka arobaini na kitu aliyekalia debe kama kiti cha enzi, alicheka. "Nimempa masizi, Abdub. Sijampa ngamia."

Msichana akasimama. Alikuwa mfupi, ikabidi ainue kidevu ili amjibu vizuri. "Naitwa Hoda Ahmednasir. Mimi ni mwanafizikia."

"Hiyo ni ugonjwa?"

"Eeh. Inaniuma nikiongea na watu wajinga."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na mimi siwezi kuwapamba. Abdub Halake alikuwa Mborana, dereva wa maziwa kutoka kijiji cha Kulamawe, mrefu, kikoi cha bluu na koti kuukuu la kijani, mwenye macho mazuri na kiburi cha kujua kwamba ni mazuri. Hoda alikuwa mzaliwa wa Chechelesi, mtaa wa hapo Isiolo, kitukuu cha askari Msomali aliyeletwa na Waingereza, na alikuwa akisomea shahada ya uzamifu ng'ambo. Aliyaona macho yale mara moja, akakasirika zaidi.

Wiki hiyo hiyo alipanda pickup yao kwenda Kulamawe kutafuta gorfa za utafiti wake, Tache akiwa ameketi katikati ili heshima isivunjike.

"Eleza basi," Abdub alisema huku akikwepa mashimo. "Hiyo mashine yenu ya ng'ambo inafanya nini?"

"Inarusha nyutroni. Ni chembe ndogo kabisa. Zinapita ndani ya gorfa bila kuivunja, lakini zikikutana na vitu huko ndani zinatawanyika. Nikiangalia zimetawanyika vipi, najua matundu ya ndani ni makubwa kiasi gani na yamejaa nini."

"Si ungeuliza dadangu. Angekuambia imejaa moshi."

"Moshi umefika wapi? Umeziba tundu, ama umepaka ukuta ya tundu tu? Dadako anajua hiyo?"

"Mimi najua maziwa haiharibiki," Tache akasema.

"Na mimi nataka kujua kwa nini. Lakini nahitaji gorfa mbili zimesukwa na mkono mmoja. Moja imefukizwa, moja haijawahi kuguswa na moshi. Bila hiyo ya pili siwezi kulinganisha, na ya kwanza inakuwa bure. Nimengoja miaka miwili nipewe hiyo mashine, na nimepewa siku tatu. Siku tatu tu! Zikiharibika, shahada imeenda."

"Kwetu gorfa mbichi, bila moshi, haitoki nyumbani," Tache akasema. "Lakini nitasuka. Abdub ndiye atakupatia. Mimi siitoi kwa mkono wangu."

Hoda alidhani ni ushirikina wa kawaida, akashukuru, akaacha kuuliza. Msomi mzima, na hilo ndilo swali alilosahau.

Tache alisuka kwa wiki sita. Katika wiki hizo sita simu ya Abdub haikupoa.

"Umekula?"

"Inakuhusu?"

"Nimeuliza tu, dokta wa masizi."

"Nimekula. Wewe?"

"Bado."

"Basi kaa njaa, dereva." Kisha, kabla ya kukata simu: "Uko wapi? Shangazi amepika anjera, zimebaki."

Siku moja Abdub akamwita macaanto, neno la Kisomali la kumwita mtu mtamu, akalitamka vibaya mpaka Hoda akakata simu. Dakika mbili baadaye Hoda mwenyewe akapiga. "Rudia," alisema, na Abdub akarudia, vibaya vile vile. Walikuwa wamependana, na kila mtu sokoni alijua isipokuwa wao.

Asubuhi ya safari Abdub alikuja langoni kwa kina Hoda, Chechelesi, akiwa na shati jeupe lililopigwa pasi hadi likakakamaa. Mzee Ahmednasir, babake Hoda, alimchungulia dirishani bila upendo wowote. Abdub alikuwa amebeba mifuko miwili ya nailoni, imezungushiwa utepe wa gundi mara nyingi kupita kiasi. Mmoja alikuwa ameuandikia M ya mbichi.

"Hii haijaguswa na moshi?"

"Si ulisema."

"Apa."

"Dokta, utachelewa ndege."

Hoda alicheka, akachukua mifuko. Alikuwa amevaa abaya mpya ya kijivu na alitaka amsifu, na Abdub alikuwa anaangalia vidole vyake mwenyewe. Wakaagana hivyo.

Kule ng'ambo, ndani ya ukumbi mkubwa wenye kuta za zege nene kuliko urefu wa mtu, Hoda alikata utepe wa mfuko wenye M. Harufu ilimpiga usoni: mzeituni mwitu, maziwa, jioni za nyumbani. Kwanza machozi yalimtoka kwa kupakumbuka. Halafu akaelewa anachonusa: moshi.

Hata hivyo alifanya kazi. Alikata vipande vyembamba kutoka gorfa zote mbili, akavilowesha katika maji mazito, ambayo nyutroni huyaona tofauti na maji ya kawaida, akavifunga kwenye vichupa bapa vya kioo na kuviweka mbele ya mwali. Siku tatu alikaa mbele ya skrini. Mistari miwili aliyotarajia iachane ililaliana, ikapanda pamoja na kushuka pamoja. Hakuwa na kitu cha kuandika.

Saa saba mchana kwa saa za Isiolo, simu ya Abdub ililia akiwa gereji.

"Ulifukiza."

Abdub akaweka kikombe chini.

"Abdub, nakuuliza!"

"Kidogo tu. Nilidhani mashine haitajua."

"Mashine inaona kitu kidogo kuliko nywele yako ikigawanywa mara elfu, halafu haitajua moshi? Kwa nini?"

Angeweza kusema. Maneno machache yangetosha. Lakini madereva wanne walikuwa wamemzunguka wakinywa chai, masikio wazi, na sababu yenyewe ilikuwa ya kumfanya achekwe hadi Marsabit.

"Basi tu," akasema.

"Basi tu? Miaka yangu miwili, basi tu? Wewe ni mshenzi. Ni mwongo. Usinipigie tena maishani!"

"Sawa."

Hiyo "sawa" ndiyo iliyomuuma Hoda kuliko moshi. Alitaka abishane. Aliitupa simu kitandani na kulia kwa hasira, na Abdub siku hiyo alimtukana kila mtu aliyesogelea pickup yake, akiwemo dada yake.

Miezi minne walichukiana kwa bidii. Kisha maabara ikamwandikia Hoda kwamba mtafiti mmoja amejitoa, kuna siku moja imebaki. Moja. Kama ana gorfa mbichi, aje nayo. Hoda alipanda ndege, akafika Isiolo, na bila kupita sokoni akaenda moja kwa moja Kulamawe.

Tache alimpokea kwa chai na uso mgumu. Gorfa mbichi nyingine ya mkono wake ilikuwepo, imetundikwa ukutani, ya rangi ya mchanga.

"Nitakupa ukweli kwanza," Tache akasema. "Mama yetu alisema gorfa mbichi unampa mtu hutaki arudi. Ndio nikakataa kuitoa. Nikampa Abdub. Yeye akaenda nayo nyuma ya gereji, akawasha vijiti ya mzeituni, akaifukiza peke yake. Mwanamume mzima! Kazi ya wanawake! Akachoma vidole viwili, na mpaka leo hajamwambia mtu. Mimi niliona alama, na majivu nyuma ya gereji."

Hoda alikaa na kikombe mkononi. Hasira haikumtoka. Ilizidi, maana sasa alikuwa na haya pia, na hakujua ailekeze wapi.

Nje pickup ilisimama. Abdub aliingia, akamwona, akasimama mlangoni.

"Mjinga wewe," Hoda akasema.

"Karibu Kulamawe."

"Ungesema!"

"Niseme mbele ya nani? Niseme nimekaa na moshi kama bibi arusi?"

"Useme kwangu!"

"Nilitaka urudi. Nakupenda, nilitaka urudi. Haya, nimesema. Furahi."

"Sifurahi! Umeniharibia mwaka."

"Na wewe uliniita mshenzi nikiwa na watu."

"Ulikuwa mshenzi. Nipe gorfa."

Abdub alimtazama dada yake. Tache akaangalia chai yake. "Mimi sishiki," alisema.

Abdub akaitungua mwenyewe. Haikunuka chochote ila mizizi. Aliishika kwa mikono miwili, akaisogeza mbele, akairudisha kifuani. Hoda alinyoosha mikono na kungoja.

"Vile ilivyo, Abdub. Kwa mkono wako."

"Na usiporudi?"

"Nina siku moja. Nipe."

Aliiachia polepole, kidole baada ya kidole. Hoda aliifunga nailoni mwenyewe safari hii, mara tatu, akakata utepe kwa meno. Kisha akasema bila kumwangalia:

"Ijumaa baada ya swala baba huwa nyumbani. Chukua wazee wawili uende."

"Nikaseme nini?"

"Kwani posa huwa inasema nini?"

Tache alishusha kikombe. Abdub akamsogelea Hoda hatua moja. "Na wewe utakuwa wapi?"

"Ndani ya ndege. Baba hapendi madereva, na Waborana anawapenda wakiwa mbali. Atakutukana. Vumilia kama mimi nilivyovumilia."

Wiki mbili baadaye, adhuhuri, Hoda alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka kwa kukosa usingizi.

"Zimeachana," akasema. "Mistari miwili, Abdub. Hata asiyesoma anaona. Mbichi iko chini huku, ya moshi iko juu kule."

"Mashallah."

"Nimeandika jina la Tache kwenye ripoti. Na lako pia, nimeandika kwamba uliniharibia."

"Asante."

"Haya. Ulienda?"

Abdub alijitenga na madereva wenzake, kisha akabadilisha mawazo, akarudi katikati yao na kuongea kwa sauti ya kawaida. "Nilienda. Babako amenifukuza."

"Mara ngapi?"

"Mbili. Ya pili alishika bakora. Hoda, yule mzee ataniua."

"Rudi Ijumaa."

"Nirudi tena?"

"Rudi, macaanto. Mara ya tatu huwa anatoa chai."