Sauti Kutoka Majlisi

Muhsina alinyoosha mkono kuichukua sidii ya mwisho, mkono mwingine ukaiwahi.

"Loo, jitu gani hili!" alinong'ona kwa Kiswahili, akidhani haeleweki.

"Jitu lenyewe linakusikia, dada," kijana akajibu kwa Kiswahili kile kile cha Unguja.

Duka lile la filamu la Khuwair ya Kusini, katika mji ule wa Waarabu, lilifurika, kama kila Jumatano jioni miaka ile ya elfu mbili na kitu, watu wakikodi filamu za mapumziko ya Alhamisi na Ijumaa. Kijana alivaa kanzu ya dishdasha iliyonyooshwa vizuri na kofia ya buluu, alinukia udi. Muhsina, ndani ya abaya yenye shanga za kijani mikononi, alitamani ardhi ipasuke.

"Samahani," alisema. "Ila wiki nzima nnangoja kujua yule bibi anaolewa na nani."

"Na mie je? Umeona nimekuja kununua samaki?"

Wote wawili walikuwa wakifuatilia katuni moja ya Kijapani iliyotiwa sauti za Kiarabu. Ilihusu wanaume wawili, wanafunzi wa mzee mmoja, ambao kazi yao ni kusimulia hadithi. Msimuliaji hupiga magoti juu ya mto, mkononi ana kipepeo cha kujipepea tu. Akigeuka kulia ni mume, akigeuka kushoto ni mke, na ukumbi mzima hulia. Wanafunzi hao walimpenda mwanamke mmoja, na wivu ukawala.

Kijana akamwachia sidii. "Mie Maan, wa Azaiba. Nambari yangu hii. Ukimaliza nipigie, ila usinambie mwisho."

Kesho yake Muhsina akapiga. "Nimelia mpaka macho yamevimba."

"Usinambie!"

"Sikwambii. Nnakwambia nimelia tu."

"Haya. Umekula?"

"Nimekula."

"Umekula nini?"

"Wali wa papa. Hebu nenda zako, unauliza kama mama yangu!" Muhsina akacheka kile kicheko chake cha kukimeza katikati, kana kwamba kuna mtu atamnyang'anya.

Maongezi ya katuni yakageuka maongezi ya kila siku. Maan hakuwa mtu wa maneno matamu, lakini katikati ya Ramadhani alisema, "Wazee wangu watakuja kwenu Ijumaa baada ya Idi." Muhsina hakulala kwa furaha.

Kisha mchana mmoja simu ikalia, jina la Maan.

"Maan?"

Hakujibiwa. Simu ilikuwa imejipiga yenyewe mfukoni. Kwa mbali akasikia sauti ya mwanamke.

"Ukichelewa tena, sikufungulii mlango!"

"Nifungulie, roho yangu," Maan akabembeleza. "Bila wewe nyumba hii kuta tupu."

Mwanamke akacheka. Muhsina akakata, akaisukumiza simu chini ya rundo la nguo za kufua. Roho yangu! Yeye hajapata kuitwa hivyo hata siku moja.

"Umekuwaje?" akauliza Afra, mdogo wake.

"Ana mwanamke."

"Nani?"

"Hadeel. Nani mwengine?"

Hadeel alikuwa binamu yake Maan, karudi masomoni, macho makubwa, gari lake mwenyewe. Maan aliwahi kumsifu kwa kuendesha vizuri, na sifa ile ilimkaa Muhsina kooni kama mwiba wa samaki.

Jioni akampigia. "Mchana ulikuwa na nani?"

Maan akasita. "Peke yangu."

"Peke yako?"

"Wallahi, peke yangu."

"Basi mwambie huyo peke yako akupikie, na akuzalie!"

Tangu hapo hakupokea simu zake. Alimwambia Afra kwamba wazee wakija atakataa.

"Mbele ya ami? Utathubutu?"

"Ntathubutu."

Idi ya pili kina Muhsina wakaalikwa Azaiba, kwa kina Hadeel, jamaa wajuane kabla ya posa. Muhsina alikwenda kwa jambo moja tu, kuisikia sauti ya Hadeel kwa karibu. Alipaka wanja mzito, akavaa gauni la zari kama anayekwenda vitani. Hadeel, katika zambarau, alimbusu, akamkalisha ubavuni, akamjazia sahani, akamtania mpaka Muhsina akacheka bila kutaka.

Mara, kutoka majlisi ya wanaume ng'ambo ya ukumbi, ikapaa ile sauti: "Ukichelewa tena, sikufungulii mlango!"

Wanaume wakaangua kicheko. Muhsina akamgeukia Hadeel. Hadeel alikuwa na sambusa nzima mdomoni. Na mwanamke gani angeingia majlisi na wageni wamo?

"Nani yule?"

"Maan huyo! Tangu aone ile katuni ya Kijapani katutia wazimu. Njoo uone."

Wakachungulia mlangoni. Maan alipiga magoti juu ya mto wa kochi, kipepeo cha makaa mkononi. Akageuka kulia, mume kachelewa kurudi. Akageuka kushoto, akainamisha macho, akacheka, kicheko akakimeza katikati.

"Kicheko kile kakitoa wapi?" Hadeel alinong'ona, kisha akamtazama Muhsina. "Ee! Ni chako!"

Muhsina akabonyeza simu yake. Ya Maan ikalia mfukoni mwa msimuliaji, wanaume wakazomea. Maan akatoka, akamkuta Muhsina uani, karibu na tangi la maji.

"Kumbe mwanamke mwenyewe ni mie?"

"Ni wewe. Niliona haya kusema. Mwanamme mzima, najifungia chumbani najifanya mwanamke."

"Nimekonda kwa kumwonea wivu!"

"Sasa umejua, khalas, yamekwisha."

"Khalas nini? Bado nnamwonea! Yeye unamwita roho yako, mie unaniuliza nimekula nini!"

Maan akakigeuzageuza kipepeo mkononi. "Mbele yako maneno yananikimbia."

"Yafukuzie. Sitaki kuolewa na mtu anayempenda mwengine, hata huyo mwengine akiwa mie."

Jasho lilimtoka Maan. Kipepeo kikapiga paja, kikapiga tena.

"Roho yangu," alisema hatimaye, sauti imekauka, haina utamu wowote. "Bila wewe... bila wewe sili."

"Hiyo haimo kwenye hadithi."

"Haimo."

Muhsina akaingia ndani.

Ijumaa, baada ya alasiri, wageni walijaa sebuleni, Maan kati yao. Ami Msellem, ndugu wa baba yake, akasimama kwenye mlango wa chumba cha wanawake.

"Muhsina, wameleta posa ya Maan. Unasemaje?"

Kwao, msichana akiulizwa hivyo huinamisha kichwa, na kimya chake ndiyo ridhaa. Anayefungua mdomo ni anayekataa. Muhsina akainua kichwa. Mama yake akauona mdomo unafunguka, akajishika kifua. Afra akafumba macho.

"Nimeridhika, ami," Muhsina alisema, kwa sauti ya kufika sebuleni. "Na nnasema mwenyewe, asije mtu akanisemea."

Kule sebuleni kikombe cha kahawa kikaanguka.